Damu ya Bwana Mizani

Daktari alikuwa amemaliza kueleza pale sebuleni. Alikuwa mwanamke kijana mwenye miwani na sauti ya upole, na kwa kweli alikuwa amejitahidi. Alisema watafiti wanatafuta vinasaba vinavyochangia ugonjwa wa skizofrenia, ule uliompata kijana wa nyumba hii akiwa mwaka wa pili chuoni. Alisema hakuna kinasaba kimoja kinachouleta. Ni vingi, vidogo vidogo, pengine mamia, na kila mtu anavyo baadhi, mzima na mgonjwa. Vinaweza kutoka upande wa baba, upande wa mama au pande zote, na hata hivyo si hukumu, maana maisha nayo yana mchango wake. Wanachoomba ni damu kidogo ya kijana, ya mama yake na ya baba yake, basi.

Katika maelezo hayo yote, ndugu waliokusanyika walisikia neno moja: upande.

Shangazi, dada yake mwenye nyumba, ndiye aliyelidaka kwanza. "Sasa daktari, mwanangu, hiyo mashine itasema ni upande gani?"

"Hatutafuti wa kulaumiwa, mama."

"Sijasema kulaumu. Nauliza upande."

Mjomba, kaka yake mama wa kijana, aliyekuwa amekaa kiti cha mkabala, alikohoa. "Aulize tu. Sisi hatuna wasiwasi. Kwetu mtu akiugua, anaugua tumbo."

"Na kwetu anaugua miguu," alisema Shangazi. "Kichwa hatujawahi."

Daktari alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alimgeukia mwenye nyumba, baba wa kijana. Huyu alikuwa amestaafu baada ya miaka thelathini na mmoja ya kukagua mizani sokoni na madukani. Aliijua sumaku inayobandikwa chini ya sahani, aliyajua mawe ya kilo yaliyotobolewa tumbo na kuzibwa kwa nta, na aliweza kukiona kidole gumba cha muuza nyama kikiegemea akiwa ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima ulimwita Bwana Mizani, naye alilipokea jina hilo kama wengine wanavyopokea nishani.

"Yangu chukueni," alisema Bwana Mizani. "Mimi sina cha kuficha."

Alilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika, na Shangazi akatazama dari. Wao wawili tu, katika watu wote waliobaki hai, ndio waliojua habari za baba yao mkubwa, aliyekuwa akihesabu mikunjo ya bati tangu kuche hadi kuchwe na kugombana nayo hesabu isipolingana. Wageni walipouliza yuko wapi, waliambiwa amesafiri. Mzee wa watu alisafiri miaka kumi na minane bila kutoka chumba cha nyuma.

&nbsp;

"Kwa hiyo unataka nikutolee damu," alisema Kinyozi.

Duka lilikuwa tupu. Bwana Mizani alikuwa kwenye kiti, shuka limefungwa shingoni, povu kidevuni, akimtazama mwenzake kupitia kioo kwa sababu ni rahisi kuomba jambo la aibu kupitia kioo.

"Kidogo tu. Kichupa."

"Mkubwa, watu huazimana ngazi. Huazimana pasi. Damu sijasikia."

"Wanaita 'baba wa mgonjwa', unaingia, unakunja mkono, unatoka. Kitambulisho hawaulizi, nimechunguza."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nje, nasoma gazeti."

Kinyozi alifuta wembe. "Kwenu kuna nini hasa mpaka uogope?"

"Nani kasema naogopa? Nasema kwenu mna damu nzuri. Si wewe uliyeniambia babu yako alikufa na meno yake yote?"

"Yote. Na akili zake zote. Siku ya kufa alinidai nauli niliyomkopa mwaka mzima nyuma."

"Basi hiyo ndiyo damu ya kupeleka kwenye mashine. Halafu wakishakutoa wanakupa soda na biskuti."

Kinyozi alifikiri. "Biskuti zenye maziwa katikati, au zile kavu?"

"Zenye maziwa," alisema Bwana Mizani, ambaye hakujua.

&nbsp;

Jumatatu mkewe alikwenda kutoa damu yake, akarudi na pamba mkononi, akaketi kwenye cherehani. Alikuwa mshonaji wa sare za shule, na shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Msaidizi wake alikuwa kijana wake, ambaye mtaa ulimwita Profesa, wengine kwa huruma na wengine kwa kumdhihaki. Tangu dawa imtulize, Profesa ndiye aliyetunga uzi kwenye sindano na kushona vifungo, na hakuna hata kifungo chake kimoja kilichowahi kurudishwa na mzazi.

Jumatano ilikuwa zamu ya baba na mwana. Bwana Mizani alimwacha kijana kwenye benchi la ukumbini, akamwambia asubiri kuitwa, yeye akatoka getini na gazeti lake. Kinyozi aliingia kwa mlango wa pembeni, amevaa koti. Baada ya nusu saa alitoka anatafuna.

"Kavu," alisema. "Lakini yule dada kanisifu mshipa. Anasema tangu asubuhi hajaona mshipa kama wangu."

Bwana Mizani alicheka kwa mara ya kwanza wiki hiyo. Jambo moja tu hakulikagua. Lile benchi lilitazamana na chumba cha kutolea damu, na mlango ulikuwa wazi. Miaka sita alikuwa amempeleka mwanawe huku na huku, amemfulia, amemnyosha kola, amemjibia hata maswali aliyoulizwa yeye mwenyewe, na katika kufanya hayo yote akaacha kumhesabu miongoni mwa watu wanaoona.

Wakati wa chakula, Profesa alijiongezea mchuzi, akasema, "Leo Kinyozi ametoa damu. Wameita baba wa mgonjwa, akasema mimi hapa."

Kijiko cha mama yake kilisimama njiani. "Kinyozi gani?"

"Wa hapa mtaani. Alivaa koti. Baba alikuwa nje na gazeti."

Mama alimtazama mumewe. Bwana Mizani aliionja ile hofu ambayo wafanyabiashara wa soko zima walikuwa wakiisikia alipoinua sahani za mizani zao na kuchungulia chini. Angeweza kusema pale pale, wakacheka, wakagombana, yakaisha. Badala yake akashusha pumzi ya mzazi aliyebebeshwa mzigo.

"Zimerudi," alisema. "Zile sauti. Nilijua tu. Jana nilimkuta anacheka peke yake."

"Kulikuwa na mchekeshaji redioni," alisema Profesa.

"Unaona? Sasa ni redio."

"Baba, redio ilikuwa imewashwa. Wewe ndiye uliyeniambia nipunguze sauti."

"Sauti," Bwana Mizani alimwambia mkewe kwa huzuni. "Anazitaja mwenyewe."

Kesho yake alimpeleka kliniki. Walimkuta daktari yule yule wa miwani, ambaye siku ya Jumatano hakuwa kwenye chumba cha damu. Alimsikiliza kijana kwa makini yote aliyofundishwa.

"Ulimwona nani?"

"Kinyozi."

"Akifanya nini?"

"Akiwa baba."

Daktari akaandika: anaona watu wasiokuwepo, anaamini baba yake amebadilishwa na mtu mwingine. Akamweleza mzee, kwa upole, kwamba hii ni dalili inayojulikana, imeandikwa vitabuni, wala asimchukie mwanawe kwa kumkana. Bwana Mizani akasema hamchukii. Dawa ikaongezwa, kutoka kidonge kimoja kwenda viwili.

Vile viwili vilimfanyia kazi vizuri sana. Hakumtaja tena Kinyozi, wala mtu mwingine yeyote. Alilala akiwa ameketi. Mate yalimtoka pembeni mwa mdomo, na vidole vyake vikaanza kutetemeka, vidogo vidogo, kama vya mtu anayepiga kinanda kisichoonekana. Uzi haukuingia tena kwenye tundu la sindano. Mama yake alimwachia ajaribu, akigeuza uso, kisha kijana akitoka anatunga yeye mwenyewe sindano kumi na kuzichomeka kwenye mto, ili akirudi aseme, "Lo, kumbe ulishazitunga."

&nbsp;

Simu ililia mwezi uliofuata, Bwana Mizani akiwa anaoga na Shangazi akiwa sebuleni amekuja kuazima pasi. Shangazi hakuwahi kuacha simu ya mtu ilie peke yake.

Aliyepiga ni kijana wa maabara. Alimtaka mzee.

"Zungumza tu mwanangu, mimi ni dada yake, tumbo moja."

Kijana alisita. Alisema kuna kasoro ndogo, mzee anaombwa aje atoe damu upya.

"Kasoro gani? Ana ugonjwa?"

"Hapana mama, si ugonjwa. Damu yake na ya kijana haziendani inavyotakiwa. Labda ni makosa ya kubandika majina, ndiyo maana tunaomba..."

Shangazi alikuwa ameshakata. Alikaa na ile simu mapajani, na polepole uso wake ukaanza kung'aa. Kaka yake alipotoka, taulo begani, alimvuta upande wa dirisha.

"Kaka, tumetoka safi."

"Safi nini?"

"Ugonjwa si wetu." Alimshika mkono. "Kwa sababu mtoto si wetu."

Bwana Mizani alikaa kitini bila kuangalia kama kiti kipo. Kwanza alitaka kucheka, kwa sababu yeye peke yake duniani ndiye aliyejua ni kichekesho. Kisha akaona kilichowekwa mbele yake. Alitaka kuisafisha damu yake, na hii hapa, imesafishwa mpaka mtoto ametoka pamoja na doa. Baba mkubwa angebaki safarini milele. Alichotakiwa kufanya ni kunyamaza tu, na kunyamaza ni kazi ambayo kila mtu angeiita ustahimilivu.

"Wifi yako asiambiwe," alisema.

"Mimi?" alisema Shangazi. "Mimi nimwambie nani?"

Kufikia jioni mtaa mzima ulikuwa unajua. Wanawake waliokuja kupimia watoto wao sare walimtazama mshonaji kuanzia viatuni kwenda juu. Mmoja aliichukua kazi yake ikiwa haijapigwa pindo, akasema mtoto ataivaa hivyo hivyo. Mama wa Profesa alipoelewa wanachotazama, hakulia wala hakuuliza. Aliendelea kukanyaga cherehani. Siku nane alimwandalia mumewe maji ya kuoga, alimwekea chakula, akamtazama akila. Bwana Mizani alikula akiangalia sahani, na alijiambia kila siku kwamba kesho atasema.

&nbsp;

Kikao cha ndugu kilikaa Jumamosi mchana. Mjomba alikuja na bahasha yenye picha za jamaa zake waliokufa na akili timamu. Shangazi alikuja na kanga mpya.

"Hatukuja kumdhalilisha mtu," alianza Shangazi, na wote wakajua kinachofuata. "Ila mashine imesema. Damu ya kaka yangu haimo kwa huyu kijana. Sasa sisi tunauliza tu, kwa heshima, imo ya nani?"

"Chunga mdomo wako," alisema Mjomba. "Dada yangu ametoka nyumba yenye adabu."

"Ndiyo nashangaa."

Mama wa kijana alikuwa amesimama mlangoni, utepe wa kupimia shingoni. "Miaka ishirini na tisa nimeishi humu," alisema. "Kama kuna swali nitajibu. Lakini si lako, wifi. Aulize yeye." Alimgeukia mumewe. "Baba watoto, uliza."

Bwana Mizani alifungua mdomo. Kwenye kona, karibu na cherehani, Profesa alikuwa ameinama juu ya shati. Hakuna aliyemwambia atoke, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kwamba yumo. Alikuwa ameulowesha uzi kwa ulimi na kuuelekeza kwenye sindano. Uzi ulipita kushoto kwa tundu. Akaulowesha tena. Ukapita kulia. Hakukasirika. Aliulowesha mara ya tatu, kwa subira ya mtu ambaye ameambiwa kosa ni lake.

"Kinyozi ndiye aliyetoa damu," alisema Bwana Mizani. "Nilimtuma mimi. Aliingia kwa jina langu, na mimi nilikuwa nje na gazeti. Huyu mtoto alituona, na alisema kweli tupu."



"Kinyozi?" alisema Shangazi taratibu.

"Kinyozi. Niliogopa kwa sababu ya baba mkubwa."

"Baba mkubwa alisafiri."

"Hakusafiri. Alikuwa chumba cha nyuma."

"Alisafiri, kaka." Macho ya Shangazi yalikuwa yamejaa maji. Alimgeukia Mjomba, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya harusi wakatazamana kama watu wa familia moja.

"Ni maneno yale yale ya kijana," Mjomba alimnong'oneza. "Koti tu ndilo hajalitaja."

"Alivaa koti," alisema Bwana Mizani.

"Basi," alisema Mjomba.

Kinyozi aliitwa. Alisimama kizingitini, akaona sura za watu, akakumbuka kwamba kujiita jina la mtu mwingine hospitalini huenda kuna kifungo chake. "Damu? Mimi?" alisema. "Mimi hata sindano ya kushonea naigeuzia uso." Akamtazama Bwana Mizani kwa majuto ya kweli. "Pole sana, mkubwa. Kichwa ukikiacha nywele nyingi kwenye joto hili, nacho huchoka."

Mjomba alirudisha picha zake kwenye bahasha. Hakuzihitaji tena. "Kwa hiyo upande umejulikana," alisema.

Shangazi aliona shimo lilipo na akaliruka. "Upande gani? Hajarithi. Amekaa na mgonjwa miaka sita nyumba moja. Mtoto ndiye aliyemwambukiza baba."

Walibishana hilo mpaka chai ikapoa, kama ugonjwa umeshuka kutoka kwa baba au umepanda kutoka kwa mwana, na aliyekuwa akibishaniwa hakuulizwa lolote. Kila alipotaka kusema, mtu alimpigapiga begani. Walikubaliana Shangazi ampeleke kliniki Jumatatu.

Walipokwisha kuondoka, mkewe alianza kukusanya vikombe.

"Wewe unaniamini?" Bwana Mizani alimuuliza.

"Nakuamini."

"Ahsante, mama watoto."

"Usinishukuru. Nakuamini kwa sababu najua sikufanya. Wewe nawe ulijua sikufanya, siku nane." Alivipanga vikombe kwenye sinia. "Na mtoto ulijua haugui zaidi. Huyo ulimjua kuanzia siku ya kwanza."

Bwana Mizani alikuwa na maneno mengi mazuri ya kuwaambia wenye makosa, lakini yote yalikuwa yametengenezwa kusemwa na aliyesimama upande wa pili wa meza.

&nbsp;

Kliniki, Shangazi alitangulia kuingia kwa daktari, akakaa humo robo saa. Alipotoka aliwaashiria waingie, na muuguzi aliyeshika mlango alimwambia Bwana Mizani, kwa sauti kubwa na ya polepole, "Karibu mzee. Kuna kingazi kidogo hapo, inua mguu."

Aliinua mguu. Mkewe na Profesa waliingia nyuma yake. Alikaa mbele ya meza, akaeleza yote tangu mwanzo: baba mkubwa, kiti cha kinyozi, gazeti, benchi, mlango uliokuwa wazi. Aliomba dawa ya kijana irudishwe ilivyokuwa. Daktari alimsikiliza kwa makini yale yale, kalamu mkononi.

"Na usingizi wako ukoje siku hizi, mzee?" aliuliza alipomaliza.

"Usingizi wangu?"

"Chakula kinapanda? Kuna wakati unahisi watu wanakusema?"

"Wananisema. Mtaa mzima."

Daktari aliandika.

"Daktari, mimi si mgonjwa."

Profesa, ambaye tangu waingie alikuwa ameinamisha kichwa, alimwekea baba yake mkono gotini. Mkono ulikuwa unatetemeka. "Usiseme hivyo, baba," alisema kwa ulimi mzito. "Hilo ndilo wanaloliandika la kwanza."

Kalamu ilisimama. Daktari alitazama alichokuwa ameandika, na masikio yake yakabadilika rangi. Kisha akavuta faili la kijana, akarudi nyuma kurasa kadhaa, mpaka penye watu wasiokuwepo.

"Huyo Kinyozi," alimwambia Profesa, na safari hii alimwangalia yeye. "Alitoa mkono gani?"

"Wa kushoto. Dada wa maabara akamwambia ana mshipa mzuri."

Daktari alinyanyua simu, akaongea na maabara maneno machache. Alisikiliza. Akaiweka chini. Alichukua rula, akaipiga mstari ile sentensi ya watu wasiokuwepo, na ile ya chini yake, akatia sahihi pembeni kama inavyotakiwa mtu akikosea. "Kuanzia kesho kimoja," alisema. "Nakuomba radhi." Alipogeuka kwa mzee, upole ulikuwa umemwisha. "Na wewe umetuharibia kazi ya mwezi mzima, mzee. Nimekwambieni hakuna wa kulaumiwa. Nimelisema hilo sebuleni kwako."

"Ulisema," alikiri Bwana Mizani.

"Na majibu yakitoka, sitamwambia mtu upande. Si wewe, si mama, si yule bibi aliye nje. Hakuna upande wa kuwaambia."

Kijana wa maabara aliitwa, akaja na sindano. Bwana Mizani alianza kukunja mkono wa shati, lakini mkewe aliviondoa vidole vyake, akaukunja yeye mwenyewe, mikunjo mitatu iliyolingana, akaushika mkono mezani wakati damu inaingia. Haikuwa nyekundu kuliko ya mtu mwingine. Chupa ilipojaa, kijana aliandika karatasi na kuibandika.

"Lete hapa," alisema mama.

Aliisogeza chupa kwenye mwanga wa dirisha. Akasoma jina lililobandikwa, akamtazama mumewe usoni, akasoma tena. Ndipo alipoiachia.